Barabara kuu ikikata kijiji katikati: matuta, rasta na alama za 50 (uzi wa vipimo na utaratibu)

#1 MpimaNjia

Wakuu, kila gari likigonga mtu kijijini kilio ni kilekile: tunataka matuta. Linawekwa tuta moja mbele ya sheli, mwaka unapita, watu wanagongwa mita mia mbili kutoka hapo. Naomba tuuweke uzi huu wa kitaalamu, tuelezane nini kinamfanya dereva apunguze mwendo na kwa nini vingine vinashindwa. Siasa za "serikali haitujali" zina nyuzi zake.

Naanza na hesabu, maana wengi wanaona tofauti ya kilomita 80 na 50 kwa saa ni ndogo. Kutoka dereva aone hatari hadi breki ianze kushika, hesabu sekunde 1.5. Gari dogo, lami kavu, matairi mazima:

- 50 kwa saa: mita 21 kabla ya breki, mita 14 za breki. Jumla 35.
- 80 kwa saa: mita 33, kisha 35. Jumla 68.
- 100 kwa saa: mita 42, kisha 55. Jumla 97.

Mtoto akitokea mita 36 mbele, wa 50 amesimama. Wa 80 ndio kwanza breki inaanza kushika. Wa 100 hata breki haijashika, anamgonga mtoto na 100 yake yote. Semi iliyojaa inahitaji zaidi ya hapo.

Kabla hamjaandika barua popote, pimeni mwendo. Tochi ya trafiki (kile kifaa chao cha kupimia mwendo) haihitajiki. Weka alama mbili kando ya barabara, umbali wa mita 100 uliopimwa kwa futi kamba, si kwa hatua. Hesabu sekunde gari linapotoka alama ya kwanza hadi ya pili, kisha gawa 360 kwa sekunde hizo. Sekunde 7.2 ni 50 kwa saa. Sekunde 4.5 ni 80. Sekunde 3.6 ni 100. Kidole kikikosea sekunde 0.2 kwenye gari la 100, utapata kati ya 95 na 106, kwa hiyo bora kurekodi video ya simu na kusoma muda humo.

Pimeni magari 100 yanayokwenda yenyewe, si yaliyofuatana nyuma ya lori. Yapangeni kuanzia la polepole, mtazame la 85. Mwendo wa gari hilo ndio wahandisi wanaoufanyia kazi. Na mpimaji asivae reflekta wala asisimame wazi: madereva watadhani ni trafiki, watapigiana taa, na vipimo vyenu vyote vitakuwa vya adabu ya dakika kumi.

#2 SemiTairi22

Mleta uzi, hesabu zako sawa, ila nanyi watu wa vijijini muwe na huruma. Kuna vipande kati ya Chalinze na Segera, na njia yote ya kwenda Tunduma, ambako kila kijiji kina matuta matatu, mengine kama ukuta. Lori la tani 30 likisimamishwa kabisa linaanza tena gia ya chini, mafuta yanaondoka, springi zinakatika, na usiku ukitambaa hivyo vijana wanapanda nyuma kukata turubai. Tuta lisilo na rangi kwenye mteremko ni mauti. Breki zimeshapata moto, unaliona likiwa mita 30.

#3 LamiMoto

@SemiTairi22 hoja zako zote zina jibu, na jibu ni umbo la tuta. Tatizo kubwa ni kwamba barabara kuu inawekewa tuta la mtaani.

Tuta la mviringo wa juu hupangwa kwa mwendo unaoutaka. Kimo ni kilekile, sentimita 10. Kinachobadilika ni urefu wake kwa mwelekeo wa gari:

- Kwa 30 kwa saa: urefu mita 4, nusu-kipenyo cha duara mita 20.
- Kwa 40: mita 6.5, nusu-kipenyo mita 53.
- Kwa 50: mita 9.5, nusu-kipenyo mita 113.

Hilo la mita 9.5 basi linapita na 50 bila abiria kugonga kichwa, na lori halihitaji kusimama. Akija na 80 atarushwa. Ndicho tunachotaka: anayetii asiumie, asiyetii aumie. Tuta la mita moja na nusu lina tabia ya kinyume. Lori la 20 kwa saa linateseka, halafu gari dogo lenye shokapu nzuri likija kasi linaruka juu juu.

Fundi asikadirie kwa macho. Kata mbao ya umbo lake. Kwa tuta la 50, kutoka katikati kwenda pembeni, kimo kinakuwa: katikati milimita 100, mita 1 milimita 96, mita 2 ni 82, mita 3 ni 60, mita 4 ni 29, mita 4.75 ni sifuri. Mbao hiyo inapitishwa juu ya lami moto kabla ya kushindilia na tena baada ya kushindilia.

Kiasi cha lami: barabara ya mita 7 pamoja na mabega (kingo za pembeni ya njia ya magari) ya mita 1.5 kila upande ni upana wa mita 10. Tuta la mita 9.5 linakula karibu mita za ujazo 6.3, yaani takriban tani 15 zikishashindiliwa. La mita 4 linakula tani 6 na kidogo. Ndiyo maana wakandarasi wanapenda lile fupi. Mtu akikwambia "yote ni matuta", muulize ameleta tani ngapi.

Kwa nini mengine yanabanduka baada ya masika mawili? Yamebandikwa juu ya lami ya zamani iliyolainika, vumbi halikufagiliwa, lami ya kunatishia haikupuliziwa. Kingo zinatakiwa zichimbwe mfereji wa sentimita 4 hadi 5 ili lami mpya ing'ate. Ukiishia na kingo ya unene sifuri juu ya lami ya zamani, inamumunyuka kama biskuti kwenye chai. Cha pili ni maji. Tuta linaziba mtiririko wa pembeni, dimbwi linakaa upande wa juu, malori yanabana breki hapohapo kwenye lami iliyolowa, na ndipo inapozaliwa mifereji ya matairi mita tano kabla ya tuta.

#4 Kigoda

@LamiMoto hayo mabega umeyagusa tu ukapita. Huku wanaacha nafasi kila upande "ya maji". Matokeo yake bodaboda wote wanapita humo, na magari madogo yanashusha tairi moja pembeni ili yaruke nusu tuta. Pembeni ndiko wanakotembea wanafunzi.

#5 LamiMoto

Kweli kabisa, nilipita haraka. Tuta linatakiwa lifunike bega lote, na maji yapite chini kwa bomba dogo au yatolewe kwenye mtaro kabla ya kufika. Ikishindikana, acheni mwanya usiozidi sentimita 30 na mweke nguzo imara mwanzoni mwa bega, zenye rangi ya kuakisi taa. Mawe makubwa msiweke. Bodaboda akianguka usiku, jiwe ndilo litakalomuua, si barabara. Na wenye miguu wapewe njia yao nje ya mtaro, hata ya changarawe iliyoshindiliwa, upana mita moja na nusu. Bila hiyo watarudi kwenye bega.

#6 DadaWaTandale

Rasta je, ile mistari myembamba iliyoinuliwa inayokatiza lami? Nilidhani ndizo mbadala wa matuta.

#7 MpimaNjia

Rasta ni kengele. Breki ni tuta. Dereva akizoea kengele isiyofuatiwa na kitu, anaipuuza. Halafu kuna siri ambayo madereva wa mabasi wanaijua vizuri: rasta zilizobanana, ukizipita na 40 gari linatetemeka hadi dashibodi inalia, ukizipita na 90 tairi linagusa juu juu na mtetemo unapungua. Kwa hiyo rasta peke yake inaweza kumfundisha mtu akanyage mafuta.

Kazi yake halisi ni kumwamsha dereva kabla ya tuta. Umbali unatokana na hesabu. Kutoka 80 hadi 50 kwa kupunguza taratibu bila kubana, gari linahitaji kama mita 150. Ongeza sekunde mbili za kushtuka, mita 45 hivi. Kundi la kwanza liwe mita 200 kabla ya tuta. Kwa malori yaliyojaa, au kwenye mteremko, sogezeni hadi 260 na zaidi. Magari yakiwa yanakuja na 100, hata gari dogo linataka karibu mita 350. Kisha makundi mengine mawili matatu, nafasi kati yake ikipungua kadiri unavyokaribia, ili dereva ahisi anakwenda kasi kuliko anavyokwenda.

Kimo cha mstari kiwe milimita 10 hadi 15. Ukizidisha hapo, pikipiki inayumba na baiskeli ya mizigo inakata spoku. Wekeni mbali na nyumba, kwa sababu lori tupu likipita saa nane usiku kelele zake ni za bati likiburutwa juu ya changarawe. Watu wanaolala karibu ndio watakaozichimbua kwa sururu.

Mfano wa Afrika unaotajwa sana ni Ghana, makutano ya Suhum kwenye barabara ya Accra kwenda Kumasi. Ziliwekwa rasta tu, na kati ya Januari 2000 na Aprili 2001 ajali zilipungua kwa takriban asilimia 35, vifo kwa asilimia 55. Angalieni hapo: vifo vilipungua kuliko ajali. Mwendo ukishuka kidogo, bado watu wanagongana, ila wanaamka.

#8 SemiTairi22

Hapo kwenye mteremko nakazia. Chini ya mlima tuta lisiwekwe kabisa. Pale mlima Kitonga, Iringa, mtu anashuka na gia na breki ya eksozi, ukimwekea tuta chini anakuja amebana breki zenye moto. Kama kijiji kiko chini ya mlima, mtu apunguzwe mwendo juu, kabla hajaanza kushuka.

#9 KalamuYaKata

Wengi wanauliza barua inapelekwa wapi, niweke utaratibu kwa upande wa Tanzania.

Kwanza jua barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya na za vijijini ziko chini ya TARURA tangu 2017. Barua za matuta ya barabara kuu zinazopelekwa halmashauri zinazeekea huko.

Mkutano mkuu wa kijiji ukae, muhtasari uandikwe na kusainiwa. Mtendaji wa kijiji aandike barua kwa Meneja wa TANROADS wa mkoa kupitia mtendaji wa kata, nakala kwa Mkuu wa Wilaya na kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya ili kitengo cha usalama barabarani kitoe maoni. Ambatanisheni mambo manne: jedwali la mwendo lililoelezwa juu, orodha ya ajali zenye tarehe, saa na mahali, kama ni mbele ya shule au kwenye kituo cha basi, idadi ya wanaovuka saa moja asubuhi na saa nane mchana, na mchoro wa mkono unaoonyesha shule, zahanati, kisima, gulio na kila njia ya miguu inayoingia barabarani. Barua yenye jedwali inamlazimu mhandisi kujibu kwa jedwali. Ya "wananchi wanateketea" inajibiwa "ombi lenu limepokelewa".

Mwambieni diwani na mbunge. Mbunge na mwenyekiti wa halmashauri wanaingia kwenye Bodi ya Barabara ya Mkoa, na huko ndiko mahitaji ya barabara za mkoa yanakojadiliwa. Msisubiri bajeti imeshapita ndipo muanze kupiga simu.

#10 Mzalendo wa Kando

Wananchi wengine wanachoka kusubiri, usiku wanashusha kifusi au wanamwaga zege wenyewe. Inasaidia?

#11 LamiMoto

Hapana. Zege la mkono kimo chake hakijulikani, rangi haina, alama haina, na dereva wa kwanza kulikuta usiku hana habari. Mara nyingi wa kwanza ni bodaboda wa kijiji hichohicho, amebeba watu wawili. Na kuweka kitu barabarani bila kibali ni kosa kisheria, kwa hiyo akifa mtu pale, mnaotafutwa ni ninyi. Magogo na mawe ndiyo usiseme.

Mnachoruhusiwa na kinachosaidia leo: kufyeka nyasi zilizofunika vibao, kufungua mitaro, kuondoa kibanda kinachoziba mtu asionekane kabla ya kuvuka, na kukubaliana wanafunzi wavukie sehemu moja wakiwa na mwalimu. Sehemu hiyo isiwe kwenye kona wala nyuma ya basi lililosimama.

#12 Kigoda

Niongezee kuhusu vibanda. Hifadhi ya barabara kuu kwa Sheria ya Barabara ya 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Tuta likishawekwa, magari yanapunguza mwendo, na pale panapopunguzwa mwendo panazaliwa biashara: mahindi ya kuchoma, machungwa, karanga, vocha. Mwaka mmoja baadaye tuta lililowekwa kulinda watu limewakusanya watu mia moja waliokuwa hawapo, wanakimbilia madirisha ya mabasi pande zote mbili. Basi wapangieni wauzaji eneo nje ya mtaro, karibu na kituo cha basi chenye ghuba yake (nafasi ya basi kusimama nje ya njia), mapema.

#13 Otieno_wa_Barabara

Majirani, huku Kenya tunaita bampu, na ugonjwa ni ule ule wa bampu bila rangi. Kwa wanaofuatilia kutoka huku: barabara kuu za kitaifa ni KeNHA, za mashambani KeRRA, za mijini KURA. NTSA (mamlaka ya usalama barabarani) hawajengi bampu, msiwaandikie wao. Mwendo wa kwenye senta za biashara ni 50. Swali langu: zebra mbele ya shule inatosha?

#14 MpimaNjia

Haitoshi, na kwenye barabara ya 80 inaweza kuwa mbaya kuliko kutokuwepo, kwa sababu mtoto anaiamini na dereva haioni. Piga hesabu. Lami ya mita 7, mtu mzima anavuka kwa sekunde 6 hivi. Katika sekunde hizo gari la 80 limetembea mita 130, la 50 limetembea mita 80. Bibi mwenye mzigo kichwani au mtoto wa darasa la kwanza anatumia karibu sekunde 9, na gari la 80 linakuwa limetembea karibu mita 200. Je, kutoka pale anaposimama anaona mita 200? Kama kuna kona au kilima, jibu mnalo.

Zebra ya barabara kuu ipandishwe juu ya tuta bapa. Kimo sentimita 10, juu pawe bapa mita 4 au zaidi. Pembeni mwinuko wa mita 1 kama mnataka 30 kwa saa, mita 2.5 kama mnataka 50. Mbele ya shule wekeni 30. Mtoto anavuka akiwa ameinuliwa, anaonekana, na dereva ameshalazimika kupunguza.

Panapokuwa na nafasi, kisiwa cha katikati chenye upana wa mita 2 kinafanya kazi mbili. Anayevuka anatazama upande mmoja kwa wakati mmoja, na njia ya gari inabanwa bila tuta. Lakini kisiwa bila kibao cha kuakisi taa kwenye pua yake kitapandwa na lori usiku wa kwanza.

#15 DadaWaTandale

Na vibao vya 50? Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973 na 50 ya maeneo ya makazi inajulikana. Mbona dereva akiona kibao anatafuta trafiki badala ya kutafuta watu?

#16 SemiTairi22

Kwa sababu vibao vingine vinaongopa. Kibao cha 50 kinaanza kilomita moja kabla ya nyumba ya kwanza, porini, mbuzi tu, na tochi imejificha hapo. Cha kumaliza 50 kimeibwa. Upande wa pili kijiji kimekua, nyumba zimevuka kibao mita 400, kibao kimebaki palepale. Dereva akidanganywa mara tatu, mara ya nne anaendesha kwa macho yake.

#17 LamiMoto

Ametaja ugonjwa wenyewe. Kibao cha 50 kikae pale mazingira yanapobadilika, nyumba zinapoanza kukaribiana, na kisogezwe kijiji kinapokua. Pande zote mbili za barabara, si kushoto tu, maana ukiwa nyuma ya lori cha kushoto huwezi kukiona. Hapohapo wekeni jina la kijiji, mstari mzima wa katikati usiokatika ili watu wasipitane, mistari ya pembeni iingie ndani kidogo ili njia ionekane nyembamba. Hilo linaitwa lango la kijiji, na lina nguvu pale linapofuatwa na rasta, kisha tuta la kwanza, kisha tuta jingine kila mita 100 hadi 150 mpaka nyumba zinapoisha. Mkiacha nafasi ya mita 400 kati ya matuta, katikati wanarudi 80.

Wizi wa vibao: chuma kinauzwa kwa uzito, kwa hiyo omba nguzo za zege. Bati la kibao litobolewe matundu madogo ambayo hayaharibu usomaji lakini yanaharibu matumizi ya kuezekea.

#18 Otieno_wa_Barabara

Rangi inadumu muda gani juu ya bampu?

#19 LamiMoto

Ya kawaida ya kopo, kwenye barabara ya malori, usitegemee ivuke masika vizuri. Matairi yanaisugua na mafuta ya dizeli yanaipaka giza. Ombeni ya plastiki inayoyeyushwa kwa moto, yenye ushanga wa kioo unaomwagwa juu ikiwa bado ya moto. Ushanga ndio unaorudisha mwanga wa taa. Kuukagua ni rahisi: usiku simama mita 60 kutoka kwenye tuta, shika tochi usawa wa jicho, mulika. Rangi ikiwaka nyeupe, ipo. Ikibaki kijivu kama lami, andikeni barua nyingine mwezi huohuo, na jedwali la mwendo mliloanza nalo mlipime upya baada ya tuta kukamilika, magari 100 tena, mahali palepale.